Maswali ya Wasomaji: "Gruel" ni Uji Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari hapa Tanga. Darasani tumekuwa tukisoma hadithi ya mtoto yatima wa Uingereza anayethubutu kuomba aongezewe chakula, na chakula chenyewe kinaitwa "gruel". Wanafunzi walipofungua kamusi walikuta jibu la neno moja: uji. Mmoja wao akauliza kwa nini mwandishi anakieleza chakula hicho kana kwamba ni adhabu, ilhali kwetu uji ni chakula cha heshima, hupewa mzazi, mgonjwa na aliyefunga. Naomba mtueleze neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na dharau hiyo ililiingia lini. (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Ndugu Mwalimu, kamusi haikuwadanganya wanafunzi wako, ila imewapa nusu ya jibu. Tukitazama kilichomo sufuriani, "gruel" ni uji kweli: ni nafaka iliyosagwa au kupondwa, ikachemshwa katika maji mengi, pengine katika maziwa, mpaka ikalainika na kuwa nyepesi kiasi cha kunyweka. Huko Uingereza nafaka iliyotumika zaidi ni oti, na mara nyingi baada ya kuchemka ulichujwa ili makapi yabaki na maji yenye wanga ndiyo yanywewe, yakiwa yametiwa chumvi kidogo. Ukiwa mzito zaidi ya hapo Waingereza huuita "porridge", na neno hilo halina aibu yoyote. Watu wazima wenye uwezo huula kila asubuhi na kuusifia.

Nusu ya pili ya jibu ni hadhi ya neno, na hapo ndipo mwanafunzi wako alipogusa. Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo hamkaribishi mgeni kwa "gruel", na mama hamwambii mwanawe kwamba amempikia "gruel" tamu. Neno hilo hutajwa panaposimuliwa habari za gereza, kambi ya wafungwa wa vita, kituo cha yatima au mwaka wa njaa. Chakula cha mtu ambaye hakuwa na hiari. Hata katika mijadala ya siasa na vitabu, hoja dhaifu isiyo na kitu ndani yake huitwa "thin gruel", yaani uji mwepesi, na anayeambiwa hivyo anajua ametukanwa.

Dharau hiyo haikuwamo katika neno tangu mwanzo. Wafaranki, watu wa jamii ya lugha za Kijerumani ambao ndio walioipa Ufaransa jina lake, walikuwa na neno lenye shina "grut" kwa maana ya punje zilizopondwa au kusagwa bila kulainishwa. Wafaransa wa kale walilichukua shina hilo, wakaliongezea kiambishi cha udogo, wakapata "gruel", ambalo katika Kifaransa cha leo limekuwa "gruau". Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala kwa vizazi kadhaa, na neno hili likaingia katika Kiingereza pamoja na mamia ya maneno mengine ya jikoni na mezani. Mwanzoni lilitaja unga au nafaka iliyopondwa yenyewe, na baadaye likahamia kwenye kile kilichopikwa kwa unga huo.

Jambo linalonivutia ni kwamba Waingereza tayari walikuwa na ndugu wa neno hilo, kwa sababu lugha yao nayo ni ya jamii ya Kijerumani. Maneno "groats" na "grits", yote mawili yakiwa na maana ya nafaka iliyopondwa, hayakupitia Ufaransa kabisa. Hata "grout", ule mchanganyiko mwepesi wa saruji ambao mafundi hujaza katika mianya ya vigae, ni wa ukoo huohuo: zamani lilikuwa na maana ya unga usiosagwa ukalainika na uji wake, kisha wajenzi wakalichukua kwa kuwa kitu chao kilifanana nao. Wakati huohuo, ng'ambo ya mlango wa bahari, "gruau" la Wafaransa halikushuka daraja hata kidogo. Waokaji wa Ufaransa hadi leo huita "farine de gruau" unga wa ngano wa daraja la juu, unaotafutwa kwa mikate myororo, na huko Quebec, Kanada, "gruau" ni uji wa oti wa kifungua kinywa ambao hakuna anayeuonea haya. Kwa hiyo neno lilelile, likiwa na mzazi mmoja, liliheshimiwa upande mmoja wa bahari na kudharauliwa upande wa pili, nasi hatuna budi kutafuta kilichotokea Uingereza.

Kwa karne nyingi hakikutokea kitu. Watu wa kawaida walikunywa uji wa oti, wa shayiri au wa nafaka nyingine kwa sababu ndizo zilizoota vizuri katika baridi na mvua, na mkate mweupe wa ngano ulikuwa wa wenye mali. Katika tamthilia ya Macbeth, iliyoandikwa mnamo mwaka 1606, wachawi wanaochemsha chungu chao wanataka "gruel" hiyo iwe nzito na yenye kunata. Hapo neno lina maana ya mchanganyiko wowote uliochemshwa, na linalotisha ni vilivyotiwa ndani yake. Mwaka 1755 Samuel Johnson, katika kamusi yake mashuhuri, aliieleza oti kuwa ni nafaka ambayo huko Uingereza kwa kawaida hupewa farasi, lakini huko Uskoti ndiyo chakula cha watu. Maneno hayo yaliwaudhi Waskoti, na yanatuonyesha kwamba dharau kwa oti ilikuwapo miongoni mwa baadhi ya Waingereza, ingawa ililenga zaidi taifa jirani kuliko bakuli la uji.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1815. Mle yumo mzee tajiri, Mr Woodhouse, mwenye nyumba kubwa na watumishi, ambaye anaamini kwamba hakuna chakula cha usiku kilicho salama kama bakuli dogo la "gruel" nyepesi, na anawasihi wageni wake nao wanywe. Msomaji anachekeshwa na hofu ya mzee huyo juu ya afya yake. Hachekeshwi na umaskini, kwa kuwa uji huo ulikuwa chakula kinachokubalika cha wagonjwa, wazee na wenye tumbo dhaifu, na katika nyumba za wenye uwezo ulitiwa sukari, kungumanga au hata divai. Ukimsomea mama yeyote wa Pwani habari za mzee huyo hataona ajabu, maana naye angempa mgonjwa wake uji.

Kisha ukaja mwaka 1834. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya kuwasaidia maskini, na msingi wake ulikuwa mkali: anayehitaji msaada wa umma asiupate nyumbani kwake, bali aingie katika nyumba ya kazi, na maisha ndani ya nyumba hiyo yawe duni kuliko ya kibarua maskini kabisa anayejitegemea nje. Wasimamizi wa sheria waliogopa kwamba msaada ukiwa mwema watu wataacha kufanya kazi. Basi waume walitenganishwa na wake zao, wazazi na watoto wao, wote wakavishwa sare, na chakula kikawa chombo cha kuwakatisha watu tamaa ya kuingia.

Makamishna waliokabidhiwa sheria hiyo walitoa orodha sita za mlo ili kila eneo lichague moja. Katika orodha ya kwanza, mwanamume mwenye nguvu alipewa kila asubuhi wakia 6 za mkate, ambazo ni kama gramu 170, na painti moja na nusu ya "gruel", karibu mililita 850. Siku nyingine za juma mchana paliongezwa nyama kidogo, viazi au supu, na jioni jibini. Ukihesabu kwa wingi tu, pengine kibarua wa mashambani aliyekuwa nje hakushiba zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba asubuhi ilikuwa ni uji uleule, umepimwa, umepikwa kwa maji katika masufuria makubwa, unaliwa kwa safu na kwa ukimya, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba leo ungependa kitu kingine. Mzee aliyefanya kazi maisha yake yote akazeeka bila akiba alikaa mbele ya bakuli hilo akijua kwamba limewekwa pale makusudi, liwe ushahidi wa kushindwa kwake. Naamini hapa ndipo neno lilipovunjika, na siwezi kulisoma bila kuwahurumia watu wale.

Charles Dickens alianza kuchapisha Oliver Twist katika jarida mnamo Februari 1837, sheria ikiwa bado mbichi. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja ufukara: mwaka 1824 baba yake alifungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea jijini London, naye, akiwa mtoto wa miaka 12, akapelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Katika hadithi, watoto wanapewa "gruel" nyepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa juma, na nusu ya mkate mdogo siku ya Jumapili. Hiyo ni chumvi ya mwandishi, kwa kuwa hakuna orodha rasmi iliyokuwa kali kiasi hicho, na wanafunzi wako wafahamishwe hivyo. Lakini mtoto aliyesimama na bakuli lake tupu akaomba aongezewe alikaa katika kumbukumbu ya kila aliyesoma Kiingereza, na tangu hapo mtu akitaja "gruel" hamwoni tena Mr Woodhouse kwenye kiti chake cha starehe, anamwona Oliver.

Wala si kwamba uhalisia ulikuwa mpole. Mwaka 1845 iligundulika kwamba katika nyumba ya kazi ya Andover, katika jimbo la Hampshire, watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa ya wanyama ili iwe mbolea walikuwa na njaa kiasi cha kuing'wenya mifupa hiyo na kugombania uboho uliokuwa umeoza. Msimamizi alikuwa akiwapunja hata kile kidogo kilichoandikwa kwenye orodha. Kamati ya Bunge ilichunguza jambo hilo mwaka 1846, na mwaka uliofuata tume ya makamishna ikavunjwa na nafasi yake kuchukuliwa na bodi mpya.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wako. Uji wetu haukupitia njia hiyo. Uji wa pilipili manga hutangulizwa wakati wa kufuturu, na huohuo, ukiwa na viungo, hupelekewa mzazi ili apate nguvu na maziwa. Uji wa ulezi ndio unaomwanzisha mtoto kula. Uji wa mchele wenye tui la nazi ni kifungua kinywa kinachotamanika mwambao mzima. Wote hupikwa na mtu anayemjua anayempikia. Hata hivyo lugha yetu nayo inajua uji wa namna nyingine. Wengi waliosoma shule za bweni wanaukumbuka uji wa asubuhi usio na sukari, wenye madonge, uliopikwa kabla ya mapambazuko kwa ajili ya mamia ya watu, na huusimulia kwa sauti ileile ambayo Mwingereza huitumia kwa "gruel". Mweleze mwanafunzi wako kwamba uji alioufikiria yeye ni wa nyumbani, na wa Oliver ulikuwa wa bweni, tena bweni lisilo na likizo.

Kwa anayetafsiri, ushauri wangu ni kuacha kutumia jibu moja kila mahali. Kwa Mr Woodhouse ningeandika "uji mwepesi", bila kuongeza chochote. Kwa wachawi wa Macbeth ningeandika "rojo". Kwa Oliver ningechagua "uji chapwa", kwa sababu "chapwa" ni kitu kilichokosa chumvi na ladha, na msomaji wa Kiswahili ataihisi dharau bila kuongezewa maelezo. Ningependa pia tuwe waangalifu tunaposoma vitabu vya Kiingereza vinavyoeleza vyakula vya watu wengine. Uji wa mchele wa Wachina na wa Wahindi wa kusini, ambao Kiingereza kina jina lake la heshima, "congee", lililotoka katika Kitamil, mara nyingi umeandikwa kuwa ni "rice gruel", na uji wa mtama wa Kiafrika umepata kuitwa "millet gruel" na wasafiri ambao hawakuuonja. Si wote waliokusudia kudharau, lakini msomaji wao alibaki na picha ya chakula cha taabu.

SWALI: Mhariri, watangazaji wa riadha wanaotumia Kiingereza husema mbio za marathoni ni "gruelling". Je, neno hili lina uhusiano wowote na uji, au ni kufanana kwa herufi tu? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Uhusiano upo, na ni wa karibu. Mwishoni mwa karne ya 18 Waingereza walikuwa na msemo wa mitaani wa "kupata gruel yako", wenye maana ya kupata adhabu unayostahili, kwa fikra ya mtu anayelazimishwa kumeza kitu asichokipenda mpaka akimalize. Katikati ya karne ya 19 likapatikana tendo lenyewe, yaani kumwadhibu au kumchosha mtu kabisa, na kutokana na tendo hilo likaja "gruelling" la kueleza mchezo, safari au kazi inayomaliza nguvu. Waingereza huliandika kwa "l" mbili na Wamarekani kwa moja. Msilichanganye na "gruesome", lenye maana ya kutisha na kuchukiza, ambalo linaanza kwa herufi hizohizo lakini limetokana na neno la Kiskoti na la Uingereza ya kaskazini lenye maana ya kutetemeka kwa hofu.

Ona pia kwamba msemo wa "kupata gruel yako" ni wa kabla ya sheria ya mwaka 1834. Nimemwambia Mwalimu wa Tanga kwamba nyumba za kazi ndizo zilizolishusha neno, na bado nashikilia hivyo, lakini mbegu ya kuuona uji huo kama kitu cha kulazimishwa ilikuwapo tayari, nadhani kutokana na mgonjwa anayenyweshwa asichokitaka.

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anayefanya kazi Johannesburg anasema kwamba ugali kule unaitwa "pap". Nimeangalia kamusi yangu ya Kiingereza nikakuta "pap" ni chakula laini cha mtoto mchanga, na pia maandishi au vipindi visivyo na maana. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wote wawili. "Pap" ni neno la kale linalopatikana kwa sura zinazofanana katika lugha nyingi za Ulaya. Kilatini kilikuwa na "pappa", sauti ya mtoto anayelilia chakula. Uingereza lilibaki kuwa mkate au unga uliolowekwa katika maji au maziwa kwa ajili ya mtoto asiye na meno, na kwa kuwa mtu mzima haridhiki na chakula hicho, likatumika kukidharau kitabu au kipindi kisichomtaka mtu afikiri. Waholanzi nao walikuwa na "pap" yao, wakaipeleka Afrika Kusini, na katika lugha ya Kiafrikaans ikawa jina la chakula cha unga wa mahindi, ambacho mamilioni ya watu wa rangi zote hula kwa nyama choma, mchuzi wa nyanya au maziwa. Kiingereza cha Afrika Kusini kimelichukua neno hilo kutoka Kiafrikaans, ndiyo maana halikubeba ile dharau ya London. Hata matamshi yanatofautiana, kwani kule Johannesburg irabu yake iko karibu na "a" yetu ya Kiswahili kuliko ile ya Waingereza.

Mwambie tu kaka yako awe mwangalifu anapoagiza. Inayolingana na ugali wetu ni "stywe pap", yaani ile ngumu inayomegwa kwa vidole. Ile iitwayo "slap pap" ni laini na huliwa kwa kijiko asubuhi, kwa maziwa na sukari, na hiyo sisi tungeiita uji mzito. Ipo pia "krummelpap", inayopikwa kwa maji machache mpaka inakuwa chengachenga, ambayo Wazulu wanayo ya namna hiyo na huiita "uphuthu".